Nani anayelipima anga letu?

Ijumaa, Mei 10, 2024, ilikuwa siku ya mapumziko nchini Kenya. Wananchi waliombwa washike majembe na kupanda miti, na wakati uo huo wawakumbuke wenzetu waliopoteza maisha katika mafuriko ya masika ya mwaka huo. Macho ya taifa zima yalikuwa yameelekezwa ardhini, na ilistahili yawe hivyo. Usiku wa siku iyo hiyo, dhoruba kali ya jua ambayo mfano wake haukuwa umeonekana tangu Oktoba 2003 iliikumba sayari yetu. Mianga ya rangi ambayo kwa kawaida huwa karibu na ncha za dunia ilionekana hadi Mexico. Huko Marekani, ambako wakulima walikuwa katikati ya msimu wa kupanda mahindi, matrekta yanayojiongoza kwa msaada wa setilaiti yalipoteza dira. Mistari ya mbegu ikapinda, na baadhi ya wakulima wakasimamisha kazi hadi anga litulie.

Je, ni nini kilichotokea juu ya vichwa vyetu sisi usiku huo? Sikumbuki kumsikia mtu yeyote mwenye mamlaka akituambia. Swali hili ndilo lililonisukuma kuandika makala haya, ingawa mimi ni mwalimu wa isimu na kazi yangu ni maneno, wala si mawimbi. Naomba wanafizikia waniwie radhi nikiingia katika shamba lao. Jambo lenyewe ni la umma, na la umma haliwezi kuachiwa idara moja ya chuo kikuu.

Wasomaji wa rika langu na walionizidi umri watakumbuka redio za betri zilizokuwa zikiwekwa juu ya kabati sebuleni. Mchana redio hizo zilishika kituo cha karibu tu. Lakini giza lilipoingia, sauti za mbali zilianza kumiminika: Dar es Salaam, Kampala, Addis Ababa, na vituo vingine ambavyo lugha zake hatukuzitambua. Sauti ilipanda na kushuka, ikafifia kama inayotoka kisimani, kisha ikarejea. Wazee walisema ya kwamba usiku hewa huwa safi. Hawakuwa mbali sana na ukweli, ila hewa yenyewe si hii tunayoivuta. Ni tabaka la juu mno, linaloanzia kama kilomita 60 kutoka ardhini na kuendelea hadi kilomita 1,000 hivi, ambalo wataalamu huliita ionosfia. Huko miale ya jua ya urujuanimno hupiga chembe za hewa na kuzing'oa elektroni, na elektroni hizo zikishakuwa huru hulifanya anga kuwa na tabia ya kioo kwa baadhi ya mawimbi ya redio. Mchana sehemu ya chini ya tabaka hilo huyameza mawimbi ya kati. Usiku sehemu hiyo hutoweka, na mawimbi hupanda hadi juu zaidi na kurudishwa ardhini mamia ya kilomita kutoka yalikoanzia. Ndiyo maana Dar es Salaam ilifika Murang'a baada ya magharibi.

Elimu hii si ngeni. Marconi alipovusha ishara ya redio kutoka Cornwall hadi Newfoundland mnamo Desemba 1901, waliojua ya kwamba dunia ni duara walishangaa jinsi wimbi lilivyoweza kuufuata mpindo wa bahari. Mwaka uliofuata, Kennelly nchini Marekani na Heaviside nchini Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, walipendekeza kwamba kuna tabaka la umeme angani linalolirudisha wimbi. Edward Appleton alilithibitisha tabaka hilo mwaka wa 1924 kwa kutumia mtambo wa utangazaji wa BBC uliokuwa Bournemouth, na kwa kazi hiyo akapewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1947. Kwa miongo mingi baadaye, aliyetaka kuichunguza ionosfia alihitaji mtambo mkubwa wa kurushia mawimbi juu na kusubiri mwangwi wake. Mitambo hiyo ilikuwa ghali, nayo ilikuwa michache. Bara letu lilipata michache zaidi.

Kilichobadilisha mambo ni chombo kilichobuniwa kwa shughuli nyingine kabisa. Setilaiti za mfumo wa GPS wa Marekani huzunguka dunia zikiwa umbali wa kilomita 20,200 hivi, nazo hutuma mawimbi yanayoiwezesha simu iliyo mfukoni mwako kukwambia uko wapi. Siku hizi kuna pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya Uchina, na kwa jumla setilaiti hizo zimepita 100. Kila wimbi linaloshuka kutoka kwazo sharti lipite katika ionosfia, na kila linapopita huchelewa kidogo. Kwa mtu anayetaka kujua mahali alipo, ucheleweshaji huo ni kero, kwa kuwa kipokezi hupima umbali kwa kupima muda. Kwa mtu anayetaka kuijua ionosfia, kero hiyo ndiyo habari yenyewe.

Mwenzangu wa idara ya fizikia alinieleza siri ya upimaji huu kwa mfano ambao sitausahau. Chukua watumwa wawili, alisema, uwatume kwa wakati mmoja kutoka mahali pamoja, mmoja mwepisi na mwingine mzito, wapite katika mashamba ya Mwea baada ya mvua. Ule udongo mweusi utamkwamisha mzito zaidi kuliko mwepesi. Nawe uliyeketi mwisho wa njia, hata kama hujawahi kuiona njia hiyo, utajua ina tope kiasi gani kwa kutazama pengo kati ya kufika kwa huyu na kufika kwa yule. Setilaiti ya GPS hutuma mawimbi ya masafa mawili, moja la megahezi 1575.42 na jingine la megahezi 1227.60. Elektroni humchelewesha wa pili zaidi kuliko wa kwanza. Kipokezi chenye uwezo wa kuyasikia yote mawili hukokotoa tofauti, na tofauti hiyo hutoa idadi ya elektroni zilizo katika njia nzima kati ya setilaiti na ardhi. Kwa kuwa kipokezi kimoja huona setilaiti nyingi kwa mpigo, kila moja katika upande wake wa mbingu, chombo kilichowekwa juu ya paa moja huchora ramani ya anga la mamia ya kilomita, mchana na usiku, bila kurusha chochote juu.

Hapa ndipo jiografia yetu inapoingia. Kila mtoto wa shule anajua ya kwamba ikweta hupita Nanyuki na Maseno. Lakini kuna ikweta nyingine, ya sumaku, ambayo haikuchorwa kwenye vibao vya watalii. Katika upande wetu wa Afrika, ikweta hiyo hupita juu ya Ethiopia, yaani kaskazini mwa Kenya. Mchana, nguvu za umeme na za sumaku zinazokutana juu ya mstari huo huzinyanyua elektroni hadi juu sana, kisha elektroni hizo huteremka pande zote mbili mithili ya maji ya chemchemi, zikarundikana umbali wa nyuzi 15 hivi kaskazini na kusini. Appleton alilieleza jambo hili mwaka wa 1946. Rundo la kusini, katika upande wetu, huwa juu ya Tanzania na mara nyingi hugusa kusini mwa Kenya. Kwa maneno mengine, tunaishi baina ya chemchemi na bwawa lake.

Tena jua likitua, mambo huharibika zaidi. Sehemu ya chini ya ionosfia hutoweka haraka, na ile nzito iliyo juu hubaki ikielea juu ya nyepesi. Hali hiyo haiwezi kudumu, kama vile mafuta hayawezi kukaa chini ya maji. Mapovu yenye elektroni chache huanza kupanda, yakalipasua tabaka hadi mamia ya kilomita juu. Wimbi la setilaiti linalopita katika mapovu hayo hutetemeka. Nguvu yake hupanda na kushuka mara nyingi katika sekunde chache, na kipokezi kikashindwa kulifuata. Mapovu hayo hupenda saa za kati ya magharibi na usiku wa manane, na hupenda hasa miezi ya Machi na Aprili, na Septemba na Oktoba. Hayahitaji dhoruba ya jua. Mtu wa London au Chicago husumbuliwa na ionosfia mara moja katika miaka kadhaa, lakini sisi tulio karibu na ikweta ya sumaku tunaweza kusumbuliwa nayo jioni baada ya jioni, hasa katika ile miaka ambayo jua huwa limechangamka. Jua huchangamka kwa mzunguko wa miaka 11 hivi, na kilele cha mzunguko huu wa sasa kilifikiwa mwaka wa 2024.

Yamkini msomaji atauliza: haya yananihusu nini mimi ninayetafuta unga? Na tuchukue shamba. Karibu kila Mkenya aliyenunua kiwanja anaijua ile ploti ya futi 50 kwa 100. Upana wake ni mita 15 na kidogo. Wanafizikia huhesabu elektroni za ionosfia kwa kipimo ambacho kila kimoja chake huongeza sentimita 16 katika umbali unaosomwa na kipokezi cha kawaida. Katika mchana wa miaka ya jua kali, anga la maeneo yetu linaweza kupita vipimo 100. Hiyo ni mita 16 za kosa katika umbali wa setilaiti moja iliyo utosini, kabla ya masahihisho. Ni kweli kwamba vipokezi vya bei nafuu husahihisha sehemu ya kosa hilo kwa hesabu za jumla wanazopewa na setilaiti, ila hesabu hizo huondoa takriban nusu tu. Ni kweli pia kwamba mpimaji wa ardhi aliyehitimu hutumia kipokezi cha masafa mawili na hupata usahihi wa sentimita chache. Hata hivyo, povu likipita, hata chombo chake hupoteza ishara. Mpimaji asiyeijua sababu atalaumu chombo au betri. Akiwa na haraka, ataandika namba aliyonayo na kwenda zake. Katika nchi ambamo ndugu wameburutana mahakamani miaka na mikaka kwa sababu ya hatua mbili za mpaka, jambo hili si la kufanyiwa mzaha.

Ndege ni mfano mwingine, na hapa pana kioja cha kiisimu ambacho sina budi kukitaja. Ulaya na Marekani zina mifumo ya kusahihisha ishara za setilaiti ili rubani aweze kuteremka katika uwanja usio na mitambo ya ardhini. Mfumo wa Marekani wenyewe ulilemewa kwa saa nyingi katika dhoruba ya Oktoba 2003. Sasa ASECNA, shirika la usalama wa safari za ndege ambalo wanachama wake wengi ni nchi za Afrika Magharibi na ya Kati zinazozungumza Kifaransa, linaunda mfumo wa namna hiyo kwa ajili ya Afrika, na lilianza kurusha ishara za majaribio mwaka wa 2020 kupitia setilaiti ya Nigeria. Jina la mfumo huo ni ANGA. Wao wanasema ni kifupi cha maneno ya Kiingereza, lakini sikio la Mswahili haliwezi kudanganywa. Wenzetu wasiokisema Kiswahili wamelichukua neno letu na kulipa kazi. Sisi wenye neno bado tunajiuliza kama anga lenyewe linatuhusu. Na tatizo kubwa wanalokabiliana nalo wahandisi wa mfumo wowote kama huo barani humu ni hili hili la ionosfia ya ikweta. Hesabu zilizotengenezwa kwa anga tulivu la Ulaya haziwezi kuhamishwa kama shati la mtumba. Sharti anga la hapa lipimwe hapa.

Kuna pia bahari. Tetemeko la Desemba 26, 2004, karibu na Sumatra lilisukuma mawimbi ya tsunami kupita Bahari Hindi yote. Yalichukua saa kadhaa kufika kwetu, na kwa bahati maafisa waliwahi kuwaondoa watu katika fuo za Mombasa. Tulipoteza mtu mmoja, huko Malindi. Majirani zetu wa Somalia walipoteza karibu 300. Baadaye wachunguzi walipozipitia kumbukumbu za vipokezi vya GPS vya eneo hilo, waligundua ya kwamba ionosfia ilikuwa imetikisika nayo. Bahari ikiinuka ghafla huisukuma hewa iliyo juu yake, na msukumo huo hukua kadiri unavyopanda katika hewa nyembamba, hadi ukafika kwenye elektroni. Mtikisiko wa tetemeko lenyewe huweza kufika huko katika muda wa dakika 10 hivi. Tangu hapo jambo hilo limeonekana mara nyingi, likiwemo lile la Japani la Machi 2011 na ule mlipuko wa volkano wa Tonga wa Januari 2022, ambao mawimbi yake ya angani yaliizunguka dunia. Maabara ya JPL ya Marekani ina mfumo unaovitazama vipokezi hivyo karibu papo kwa papo, na tetemeko la Kamchatka la Julai 2025 lilipotokea, mfumo huo ulitoa ishara kabla ya mawimbi kufika Hawaii. Lakini macho yake yako katika Pasifiki. Sitaki kutia chumvi: hakuna aliyethibitisha kwamba ionosfia inaweza kutabiri tetemeko kabla halijatokea, na wanaodai hivyo magazetini wanapaswa kuulizwa maswali magumu. Kutambua wimbi lililokwisha kuzaliwa, wakati bado liko baharini, ni jambo jingine, nalo linawezekana.

Baada ya kusema hayo, mtu angetarajia ya kwamba Kenya ingekuwa mstari wa mbele. Historia inatudai. Mnamo Aprili 1967 Waitaliano walirusha setilaiti ya San Marco 2 kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuchunguza uzito wa hewa ya juu pamoja na elektroni za anga la ikweta. Miaka mitatu baadaye, Desemba 12, 1970, setilaiti nyingine ilirushwa kutoka papo hapo ikapewa jina la Uhuru kwa heshima ya sikukuu yetu. Malindi ilikuja kuwa na kipokezi cha kudumu cha GPS katika mtandao wa kimataifa wenye vituo zaidi ya 500, na Nairobi nayo ikawa na chake katika kituo cha kikanda cha upimaji na ramani kilichoko Kasarani. Karibu na mwaka wa Kimataifa wa Heliofizikia, 2007, wageni waligundua ya kwamba Afrika ilikuwa pengo jeusi katika ramani ya ionosfia ya dunia, wakaanza kuvipa vyuo vikuu vyetu vipokezi. Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Maseno vilipata. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: vijana wetu walivitumia vyombo hivyo, wakapata shahada za uzamifu na kuchapisha matokeo yao katika majarida ya heshima. Mengi ya hayo niliyoyasema kuhusu mapovu ya anga la Kenya yalichunguzwa na Wakenya.

Ila ukitazama kumbukumbu za vipokezi vya Afrika utaona mashimo. Wiki moja ipo, miezi mitatu haipo. Niliwahi kupelekwa juu ya paa la jengo katika chuo fulani, nikaonyeshwa antena nyeupe yenye umbo la uyoga. Niliuliza imepima nini wiki hiyo. Mwenyeji wangu alicheka, cheko la mtu aliyechoka. Betri za akiba zilikuwa zimekufa, umeme ulikuwa ukikatika, na kila ulipokatika tarakilishi ilizimika, nayo chumba chake kilikuwa na kufuli ambayo ufunguo wake ulikuwa kwa mtu aliyestaafu. Ombi la betri lilikuwa limezunguka ofisi tano. Mradi uliokileta chombo ulikuwa umemalizika, aliyekileta alikuwa amerudi kwao, na chuo hakikuwa na kifungu cha matumizi ambacho kingeweza kulipia kitu kisichokuwa kiti, karatasi au petroli. Bei ya betri zile ilikuwa ndogo kuliko ya chakula cha mchana cha warsha moja ya hoteli.

Hilo ndilo ninalolalamikia. Hatukosi akili wala wataalamu, na siku hizi hatuwezi hata kusingizia bei, kwa kuwa vipokezi vya masafa mawili vimekuwa rahisi mno ikilinganishwa na miaka ishirini iliyopita. Kinachokosekana ni mazoea ya kukihesabu kipimo cha anga kuwa sehemu ya shughuli za kawaida za serikali, kama vile kupima mvua. Hakuna anayengoja mfadhili ndipo Idara ya Hali ya Hewa isome kipimamvua. Afrika Kusini imekwisha kufanya hivyo: tangu Novemba 2022 kituo chake cha Hermanus kinafuatilia hali ya anga la juu saa 24, na kinatoa taarifa kwa safari za ndege. Nasi tuna Shirika la Anga za Juu la Kenya lililoundwa mwaka wa 2017, na tulishangilia, mimi nikiwa miongoni mwao, setilaiti yetu ya Taifa-1 iliporushwa kutoka California mnamo Aprili 2023. Kurusha ni sherehe. Mafundi wa kubadilisha betri juu ya paa hawaalikwi katika sherehe, na ndiyo sababu wanasahauliwa katika bajeti.

Wapo watakaosema ya kwamba hospitali hazina dawa na madarasa yamefurika, basi elektroni zilizo kilomita 300 juu zisubiri. Naielewa hoja hiyo na siidharau. Lakini tayari tumekwisha kuitegemea setilaiti bila kupiga kura. Bodaboda anayeleta chakula, lori la mafuta liendalo Kampala, rubani anayeelekea Wajir, mpimaji wa ploti, minara ya simu inayolinganisha saa zake kwa ishara za GPS: wote wamo. Anayejenga nyumba kando ya mto hana hiari ya kusema hana fedha za kuutazama mto.

Na tukikataa kupima, haimaanishi kwamba anga halitapimwa. Mwezi wa Novemba 2024, wachunguzi wa kampuni ya Google walichapisha katika jarida la Nature ramani za ionosfia zilizochorwa kwa kutumia mamilioni ya simu za mkononi. Simu moja ni kipimo hafifu, lakini mamilioni yakiwekwa pamoja hutoa picha safi, hata katika sehemu za dunia zisizo na vituo. Ni kazi ya kupendeza, na siilaumu kampuni hiyo hata kidogo. Nasema tu kwamba tumefikia mahali ambapo simu iliyo mfukoni mwa muuza samaki wa Kisumu inaweza kuchangia elimu ya anga lililo juu ya Kisumu, na elimu hiyo ikakaa katika hazina ya kampuni ng'ambo ya bahari, huku antena iliyo juu ya paa la chuo chetu ikiwa imekufa kwa kukosa betri. Kituo cha umma hutoa takwimu zake kwa yeyote, na mwaka kesho kitazitoa tena. Kampuni hutoa inapopenda.

Kwa hivyo naiomba Hazina, na Bunge linapoketi kujadili makadirio, litenge fungu dogo la kila mwaka lenye jina lake, la kuvihudumia vipokezi tulivyo navyo kabla ya kununua vingine. Mipimo iunganishwe mahali pamoja na kuachwa wazi kwa wanafunzi, wapimaji wa ardhi na wanaanga. Vituo viongezwe kaskazini, kuanzia Turkana hadi Mandera, kwa sababu huko ndiko tulikokaribia ikweta ya sumaku na ndiko tulikokuwa vipofu zaidi. Ushirikiano na wenzetu wa Ethiopia, Uganda na Tanzania ni wa lazima, kwani povu halina pasipoti.

Limebaki neno langu la kitaaluma. Tahadhari ikitolewa siku moja, itatolewa kwa lugha gani? Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka wa 1990, kwa hivyo hatuanzi mikono mitupu. Hata hivyo, istilahi za anga la juu bado ni chache, na waandishi wa habari wanapokumbana nazo huruka sentensi nzima. Mwenzangu wa fizikia alinijia akitaka neno la ule mtetemeko wa wimbi linalopita katika mapovu. Alikuwa ameandika neno la Kiingereza na kulibandika irabu mwishoni. Nilimwambia kwamba nyota zinapotetemeka machoni mwetu kwa sababu ya hewa, Waswahili husema zinametameta, na kinacholipata wimbi la setilaiti ni kitu kile kile, ila kimesababishwa na elektroni. Basi na tuseme kumetameta kwa mawimbi. Nabaharia wa Lamu atalielewa neno hilo bila kufasiriwa.

Alilikubali neno, akaliandika katika daftari lake. Kisha akaniuliza kama namfahamu mtu yeyote katika ofisi ya ununuzi anayeweza kutia sahihi ombi la betri.